Picha ya Mama Yenye Chenga

Mdogo wangu Deo,

Hupokei simu zangu, kwa hiyo nakuandikia mbele za watu. Baba mdogo amenipigia kutoka Morogoro. Misa ya kumbukumbu ya mama imekaribia, kadi hazijachapwa, naye hataki kuchagua kati ya picha yako na yangu. "Kubalianeni wenyewe," kasema, "la sivyo nachapa kadi bila sura." Kadi ya mama bila sura, kwa sababu wanawe walioko Kanada wanagombania kamera! Wewe umenuna huko Vancouver, mimi nawaka hapa Toronto. Basi tupigane, lakini tumalize.

Unakumbuka ulivyoileta ile kamera yako kubwa, DSLR ya fremu kamili, kwenye fleti yetu ya Flemingdon Park, hapa Toronto? Mama alikuwa anasherehekea kuzaliwa kwake, nje theluji, ndani taa moja ya sebuleni. Uliibeba kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Deo, hiyo kamera au mashine ya kusaga?"

"Mama, usicheke, utatikisika."

"Sasa nisicheke siku yangu?"

Mimi nilikuwa na kamera yangu ndogo ya mkobani, ile uliyoiita kichezeo. Tulimpiga picha karibu kwa mpigo mmoja.

Ukazichapa zote mbili kwa ukubwa, ukazilaza mezani unishinde mbele ya mama. Hapo sibishi, macho ninayo. Yangu ilijaa chenga kwenye giza kama televisheni iliyokosa antena. Kamera ile, katika kuhangaika kuzifuta, iliyeyusha nywele za mama zikawa pamba, na maua ya kitenge chake yakavurugana. Kwako kila unywele ulisimama peke yake. Ukanifundisha kwamba kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kikiwa kikubwa hunywa mwanga mwingi na kidogo hubaki na kiu. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata nikitafuta kosa lako. Sikuliona.

Lakini mama alivaa miwani, akaishika picha yako, akauliza, "Mama Furaha yuko wapi?"

Jirani yetu Mkongo, aliyekuwa akimsindikiza hospitali kwa basi sisi tukiwa kazini! Alisimama nyuma ya mama, mkono begani. Kwenye picha yako alikuwa ukungu wa kahawia.

"Nimemfifisha makusudi, mama, ili wewe uonekane."

"Kwani mimi nilikuwa sionekani?"

Ulicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo sicheki. Kumchomoa mtu katika watu wake mnakuita ubora, kisha mnauza kamera kwa sifa hiyo! Kichezeo changu hakijui kufifisha. Kinashika kila kitu, kuanzia sahani za pilau hadi pazia, na humo humo kinawashika watu. Ni udhaifu wa kamera, najua. Ndio udhaifu ninaoutetea.

Kwenye mazishi ulisema, "Dada, yako ukiikuza inapasuka," na ulikuwa sahihi. Picha inayotangulia jeneza lazima ionekane kutoka mbali. Nikakubali, yako ikabebwa. Lakini tulipokaa kula nilisema mama amesindikizwa na picha isiyo na rafiki hata mmoja, nawe ukachukua begi ukaondoka bila kuaga. Neno lile silirudishi. Wewe ndiye ninayetaka urudi.

Sasa sikiliza. Kadi ya misa inaenea kiganjani. Nimezichapa zote mbili kwa kipimo hicho. Chenga hazionekani. Nywele ni nywele, maua ni maua. Nilimpa Mama Furaha, akazigeuza dirishani, akasema, "Zote ni safi, dada. Lakini hii moja iko na mimi." Hoja ya ukali wa picha imekufa kwa udogo wa karatasi. Imebaki nini, Deo, isipokuwa kiburi cha mwenye lenzi?

Utasema na mimi ninacho. Ninacho, tena kingi. Lakini kuna jambo hujaliona, kwa sababu uliishia kwenye chenga. Katika picha yako mama yuko peke yake. Katika yangu, ukingoni kushoto, karibu na jokofu, yupo kijana ameficha jicho nyuma ya kamera kubwa. Na mama haitazami kamera yangu hata kidogo. Anakutazama wewe.

Nakutumia nakala kwa posta. Iangalie, halafu mpigie baba mdogo.

Ni mimi, dada yako, ambaye bado hajakusamehe na bado anakungoja.