Ukurasa Mzima wa Ines

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza! Meza ya jikoni haionekani. Picha zote za familia zilizonusurika katika mafuriko ya mwaka huu zimetandazwa juu ya magazeti, nyingine zimejikunja kama majani makavu. Renzo, ndugu yangu, alitaka zitupwe. Dada, akasema, hizo zimeoza. Zimeoza! Nilizianika moja moja kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, jirani akadhani nimerukwa na akili.

Mama anatimiza miaka tisini mwezi ujao, tarehe 28. Namtengenezea kitabu. Kitabu hasa, chenye jalada gumu na jina lake mgongoni: Pierina. Kuna tovuti – unapakia picha, unapanga kurasa mwenyewe, wanachapa, wanakuletea mlangoni. Nimepima utamu wa miwa katika maabara ya kiwanda maisha yangu yote. Tovuti itanishinda?

Leo nimeskani hadi mgongo ukagoma. Harusi ya Mama na Baba. Babu na Bibi mbele ya nyumba ya kwanza, ile ya mabati. Renzo na nywele hadi mabegani – hiyo inaingia, apende asipende.

Halafu ile ya barazani. Mama bado msichana, anacheka, na pembeni yake tundu. Mtu amekatwa kwa mkasi, taratibu, kufuata umbo lake. Umebaki mkono wake tu, begani kwa Mama.

Mama mdogo Ines. Mdogo wake Mama, wa pekee. Kwetu jina hilo halitajwi mezani.

Jumanne, 6 Mei

Tovuti ina kitufe cha kutengeneza picha zilizoharibika. Nikabofya. Ikafikiri kidogo, ikaniletea picha nzima! Tundu limejazwa ukuta, dirisha, na chungu cha maua ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Mkono wa begani umefutwa. Safi kabisa. Mama anacheka peke yake na ukuta.

Niliipigia kelele kompyuta. Yaani Babu alianza na mkasi, na hii inamalizia kazi? Hapana. Rudisha tundu langu.

Ninachojua ni kidogo. Ines aliolewa na Wilf Aoba, mkata miwa. Babu yake Wilf aliletwa Australia kwa meli kutoka visiwa vya Pasifiki kuja kukata miwa hii hii, sisi Waitalia tukiwa hatujafika. Watu walikuwa na jina la kuwaitia, siliandiki. Babu akasema binti yake amekufa. Wakahamia Mackay, mbali kusini. Basi, hadithi imeishia hapo.

Na sisi je? Tuliteremka hapa Ingham na sanduku moja na tukaitwa majina vilevile. Hilo ndilo linaloniwasha.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Kina Mama. Chakula shambani kwa Renzo, maana Mama anaishi nao. Kuku, polenta, ule ugali wetu wa Kiitalia, Renzo akilalamikia mvua na bei ya sukari.

Tukiwa tunakausha vyombo nikamuuliza Mama: ile picha ya barazani niiweke kitabuni? Akaendelea kufuta sahani ileile.

"Weka maua hapo."

"Maua gani?"

"Si umesema kompyuta ina maua ya kubandika? Bandika."

Hakunitazama. Trish, mke wa Renzo, akafungua bomba kwa nguvu ili tusisikilizane.

Sibandiki maua!

Jumatano, 14 Mei

Nimempata! Si Ines – binti yake, Noelene. Nimemwona Facebook, kwenye ukurasa wa shule aliyofundisha. Ana kidevu cha Mama, kilekile cha kubishana. Nikaomba namba, akatoa. Nikapiga kabla sijaingiwa na woga.

"Loredana wa Pierina? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Natengeneza kitabu cha familia. Naomba picha ya mama yako."

Akacheka, kicheko cha kukata. "Mmeishiwa picha? Au mkasi umepotea?"

Nikasema nastahili kuambiwa. Akasema hapana, hustahili, hukuwa umezaliwa, ila utasikiliza kwa sababu wewe ndiye uliyepiga. Nikasikiliza. Krismasi zote walizokaa peke yao. Watoto waliouliza kwa nini hawana watu upande wa mama. Baba yake, Wilf, aliyekuwa akipita Ingham bila kusimamisha gari hata kwa petroli.

Na Ines yu hai! Anapanda nyanya, anagombana na daktari wake.

Mwisho akasema picha atatuma, lakini kwa sharti. "Usimweke kwenye kona kama stempu. Mpe ukurasa mzima."

Ukurasa mzima, nikasema. Nikakata simu, nikazunguka meza mara tatu. Si woga. Hasira, nadhani. Na furaha kidogo.

Ijumaa, 16 Mei

Imefika. Nje ya kanisa, Ines na gauni alilojishonea, Wilf na suti ya kuazima isiyofika vifundoni. Hawatabasamu. Wanaitazama kamera kama wanaiambia: haya, sema unalotaka kusema.

Nimempa ukurasa. Mzima. Chini nimeandika: "Ines na Wilf. Babu alimkata kwenye picha zetu. Hapa hakatwi." Nikasoma kwa sauti. Nikapenda.

Jumanne, 20 Mei

Mwizi! Nilimpa Renzo kiungo cha kitabu ili aongeze picha zake za matrekta. Asubuhi nafungua – Ines hayupo. Baada ya harusi ya Mama unakuja moja kwa moja ubatizo wangu. Na matrekta, Mungu wangu, kila mahali matrekta.

Nikamkuta bandani, chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaongea na miguu.

"Umefuta ukurasa wangu."

"Nimesaidia kusafisha."

"Toka huko uniambie usoni."

Akatoka, grisi hadi kwenye nyusi. Sitamwonea, alisema kwa upole kuliko mimi. Mama ana miaka tisini, dada. Ukumbi umejaa watu, keki iko mbele yake, anafungua kitabu anakutana na hiyo. Unataka moyo wake usimame? Na Babu je? Ndiye aliyeng'oa visiki vya shamba hili kwa mikono yake, na wajukuu zake wasome kwamba alikuwa mtu mbaya?

"Alikuwa mtu mzuri aliyefanya ubaya," nikasema. "Kurasa zipo za kutosha. Visiki nimeviweka. Na hili nimeliweka."

"Kitabu chako, wewe na hasira zako. Usituingize."

"Hasira zangu? Wewe ndiye uliyefuta!"

Akarudi chini ya mashine. Mtu mzima!

Tovuti inatunza matoleo ya zamani. Nimerudisha yote. Kiungo cha Renzo nimekifunga. Matrekta nimemwachia mawili, mimi si katili.

Ijumaa, 23 Mei

Trish kanipigia kwa sauti ya chini, Renzo yuko nje. Ana wazo: nichapishe aina mbili. Nakala chache zenye ukurasa, kwa ajili yangu na wale wa Mackay. Nyingine zisiwe nao. Kila mtu apate anachopenda, Lori, si ndivyo hizi tovuti zilivyo?

Ndivyo zilivyo, kweli. Ukibofya mara mbili unapata familia mbili.

Hapana.

Jumanne, 3 Juni

Leo nimetuma! Kabla ya hapo tovuti imenibishia mara ya mwisho. Alama ya njano juu ya Ines: picha hii haina ubora wa kutosha kwa ukubwa huu, tunashauri uipunguze. Walitaka iwe kama kiganja. Kila ninapobofya "endelea" inaniuliza kama nina uhakika.

Nina uhakika! Acha awe na ukungu. Kama anaonekana kwa mbali, ni kwamba alikuwa mbali.

Nimebofya. Sasa hakibadiliki tena.

Kiwanda kimewashwa wiki hii. Mji mzima unanuka molasi, treni za miwa zinapiga honi kwenye kivuko. Nilifungua madirisha yote.

Alhamisi, 19 Juni

Sanduku limefika. Vitabu vizito, vinanuka wino mpya. Nilifungua kwanza ukurasa wa Ines. Ukungu upo, ndiyo. Lakini ni mkubwa, Ines wa watu, ukurasa mzima, ukingo hadi ukingo.

Halafu maneno ya Renzo yakaanza kunisumbua. Ukumbi. Keki. Moyo. Simwogopi Renzo, lakini Mama si adui yangu nimvizie mbele ya watu. Atakiona kabla ya wengine. Hapa kwangu. Jumapili nitamchukua baada ya misa. Na akikitupa, akitupe.

Jumapili, 22 Juni

Lazima niandike yote kama yalivyokuwa.

Nilimkalisha kwenye kiti cha dirishani, mto mgongoni, kitabu magotini. Akapapasa jina lake mgongoni. Akafungua polepole. Akamcheka Renzo na nywele zake. Akalia kidogo kwa Baba. Alipofika kwa Ines akakisogeza kitabu karibu na macho.

Nikasubiri. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumjibu, hayakuhitajika.

"Gauni hili kashona mwenyewe," akasema. "Shingo imepinda. Hakuwahi kujua kushona shingo, nilikuwa namshonea mimi."

Kisha akasoma maandishi ya chini. Akasoma tena, kidole chini ya kila neno.

"Umemsingizia babu yako."

"Mama, Babu ndiye—"

"Babu yako alimfukuza. Lakini mkasi hakushika. Alishindwa hata kuzitazama zile picha. Nilikata mimi."

Nilikaa chini, sakafuni, nilipokuwa.

Akasema walikuwa wakilala kitanda kimoja tangu utotoni, yeye na Ines. Akasema asubuhi moja aliamka upande wa pili uko baridi. Hakuniaga, Lori, akasema. Wilf, sikujali Wilf, angeolewa na yeyote. Aliniachia wazee wawili, ng'ombe na kelele za baba, na hakuniaga. Basi nikachukua mkasi wa kushonea. Na nilipofika kwenye mkono uliokuwa begani kwangu, nikashindwa.

Hakulia. Alikuwa na hasira! Mbichi kabisa, kama ya jana.

Mimi nikabaki na vitabu vyangu vyote, vimechapwa, jalada gumu, na uongo ndani yake. Uongo wangu, kwa herufi nzuri. Nikaanza kusema nitaagiza vingine, nitalipa tena.

"Leta kalamu," akasema Mama.

Akakata neno "Babu". Juu yake akaandika, kwa mwandiko wake wa kutetemeka: "Mimi, Pierina." Kisha akanyoosha mkono. "Leta kingine." Nikamletea kingine. Akaandika vyote, kimoja baada ya kingine, hadi sanduku likaisha. Alipomaliza akaomba kahawa, akauliza kwa nini leo sijatengeneza crostoli, vile vitafunio vyetu vya kukaanga.

Jumatano, 25 Juni

Nimemwambia Renzo. Kwa simu. Nikasikia ndege wa shambani. Kisha: "Mama? Mama yetu?" Tulikuwa tunagombana juu ya Babu, kumbe si yeye aliyekata.

Nikampigia Noelene, nikamwambia ukweli wote, sikupunguza. Nilidhani atanitukana. Akasema ngoja, akaenda. Nikasikia mlango, sauti za mbali, mlango tena. Akarudi.

"Mama anauliza sherehe ni saa ngapi."

Mama sijamwambia.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nimesimama, stoo ya ukumbi, juu ya katoni za bia. Siwezi kungoja.

Wamekuja! Gari la Noelene liko nje, chini ya miti, injini imezimwa. Nilitoka mbio. Ines yuko kiti cha mbele, mdogo, mkavu, kofia ya majani, mkanda wa gari bado kifuani. Nikamwambia karibu ndani, mama mdogo. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Ndiye mimi."

"Umefanya vizuri. Siingii. Mara ya mwisho kutoka kwao nilitoka kwa miguu yangu. Anifuate yeye."

Noelene kanyanyua mabega. Kilomita mia tano hadi hapa, kasema, ananiambia hilo sasa.

Nikarudi ndani. Mama kakaa meza kuu, viatu kavivua chini ya meza, watu wanapanga foleni kumbusu. Nikamnong'oneza: Ines yuko nje.

Hakushtuka hata kidogo! Akameza kipande chake cha keki. "Basi aingie. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo ndiye anayemjia mkubwa."

Nimekwenda mara mbili na kurudi mara mbili kama tarishi. Mmoja hashuki, mwingine hainuki. Kila mtu ukumbini ana kitabu mkononi na wote wamefika kwenye ukurasa ule, nayaona macho yao. Binamu Aldo kauliza kwa sauti hiki kilichoandikwa kwa kalamu ni nini. Mama kamjibu kutoka kule kule mezani: "Kisome!"

Mara ya tatu nikasema sitatoka tena. Muwe wakaidi, zeekeni mkiwa wakaidi, mimi nimeshafanya changu! Nilisema kwa sauti. Muziki ulikuwa umesimama. Wote wamesikia.

Ndipo Mama akasema: "Viatu vyangu."

Hakusema vya kwenda wapi. Nyumbani? Nje? Chooni? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Namwona kutoka hapa kwenye ufa wa mlango. Aliyepiga magoti ni Renzo. Renzo, na suti yake, chini sakafuni. Kiatu cha kushoto kimeingia. Mguu wa kulia umevimba, kiatu hakipiti, anajaribu kwa upole kama anayegusa yai, na Mama kamshika bega, macho kwenye mlango wa nje, anamwambia sukuma, Renzo. Sukuma!