Taa Kando ya Kiti cha Kinyozi

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia mfikishie yake. Mimi mzima, ni kazi tu.

Nimesikia homa imeondoka lakini imekuachia vidole vilivyovimba. Virusi vingine ndivyo vilivyo, vinaaga na uvimbe unabaki. Nakutumia taa ya mwanga mwekundu kama tunayotumia hapa kliniki kwa wagonjwa wa viungo. Weka mkono chini yake asubuhi na jioni, na uvae ile miwani nyeusi. Wengine inawapunguzia uvimbe, wengine hawaoni kitu, kwa hiyo vidonge vya daktari usiviache. Na usianze kuwatangazia wateja kwamba umenunua jua.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, mama yako anakohoa kidogo na kulalamika sana.

Vidole vinakunjika. Jana nimeshika wembe na hakuna aliyekatwa. Sijui ni taa au vidonge, ila sifa naipa taa kwa sababu imetoka kwako. Nimeiweka dukani kando ya kiti, na sasa kila anayekuja kunyolewa ana goti lake linalouma.

Nina swali. Rafiki yangu Redio, yule asiyenyamaza hata ukimpaka povu mdomoni, ametokwa na vipele upande mmoja wa paji la uso hadi kwenye kope. Vinamuunguza. Muuguzi jirani yetu anasema ni mkanda wa jeshi, na huo nao ni virusi. Nikawaza, kama ni virusi na uvimbe, si ndiyo kazi ya taa? Nimuweke? Simu ya dukani imekufa, kwa hiyo barua nampa dereva wa lori, mteja wangu. Akipita tena kwako mpe jibu.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza hali.

Dereva alinikuta na foleni ya wagonjwa. Nilisoma yale ya vidole, nikafurahi, nikaitia barua kwenye mfuko wa koti la kazi. Alipopita kuchukua jibu nikamwambia awasalimu wote. Leo nimetoa koti lifuliwe ndipo nikasoma yaliyobaki.

Usimuweke Redio. Mkanda wa jeshi karibu na jicho ni wa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, apewe dawa ya virusi. Kama hajaenda, funga duka umpeleke. Barua hii inakuja na basi la kwanza. Naona aibu, baba, sijui niseme nini zaidi.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Dereva aliporudi na salamu tupu, nilijiambia ungekuwa na la kukataza ungelisema. Nikamkalisha Redio kwenye kiti, nikamvalisha miwani. Alipotaka kwenda hospitali, mimi ndiye niliyemwambia avute subira, mwanangu anajua. Barua yako ilikuta mkewe ameshampeleka. Jicho la kulia halioni tena. Daktari amesema angewahi huenda lingepona.

Taa nimeirudisha kwenye boksi.

Jana Redio alikuja kunyolewa. Nilitamani aende kwa kinyozi mwingine. Alikaa pale pale akaongea mpira mwanzo mwisho. Upande ule nilipitisha wembe polepole, maana haoni mkono unapokuja na anashtuka. Angenitukana ningepumua.

Nilipomfuta povu akaniuliza, "Kijana wako ulimuuliza kabla?" Nikamjibu hapana, ulikuwa ujuaji wangu tu. Akasema, "Basi usimwambie, ataumia bure."

Sasa nina aibu mbili na moja si yangu. Kila wiki anakuja, na kila wiki nitamdanganya tena usoni. Njoo, mwanangu. Ukishuka kwenye basi usipitie dukani wala kwa mama yako. Nenda kwa Redio kwanza.

Baba yako