Redio ya Gari la Baba

Jengo la Sethna, Ghorofa ya Pili,
Soldier Bazaar,
Karachi.
11 Februari 2018

Mpendwa mdogo wangu Sohrab,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, ingawa siku hizi "sote" ni Baba na mimi. Hujambo? Wifi Zarin hajambo? Na Tinaz, bado ana kile kikohozi cha baridi? Mwambie shangazi yake amemwombea, na kwamba asitoke nje kichwa wazi.

Huku tu wazima. Baba ametimiza themanini na sita, meno yamebaki kumi na moja, na bado kila Ijumaa anagombana na muuza samaki mpaka majirani wanafungua madirisha. Masikio ndiyo yaliyomtupa mkono. Unapopiga simu anakujibu "ndiyo, ndiyo" kwa sababu hasikii, si kwa sababu hana la kusema.

Jengo limepoa. Akina Daruwala walihamia Australia mwezi wa Novemba, na Bibi Freny wa chini alifariki baada ya Krismasi ya majirani. Nikipanda ngazi jioni nasikia viatu vyangu mwenyewe. Nakukumbuka sana saa hizo, sijui kwa nini ngazi ndizo zinazonikumbusha.

Sasa sikiliza nililotaka kukuandikia.

Lile gari la Baba, jekundu, la milango miwili, ulilokuwa ukilipiga nta mpaka paka wakateleza, bado lipo uani. Uliniambia niliuze, nikakudanganya kwamba sijapata mnunuzi. Nisamehe. Linawaka, lakini haliendi mbali kuliko getini. Kuanzia mwaka jana Baba alianza kuteremka kila alasiri na kukaa ndani yake, upande wa dereva, vioo vimefungwa. Siku moja akaniambia, "Perin, nataka redio ifanye kazi." Sababu hakutoa.

Niliipeleka kwa fundi Nisar wa Saddar, yule aliyekuwa akitutengenezea pasi. Akaifungua redio juu ya meza yake, akapuliza vumbi, akaguna. Spika zilikuwa zimeliwa na panya, hizo akasema ni kazi ndogo. Shida ilikuwa kile kidude nyuma ya kitufe cha sauti. Kina vijiti viwili, kimoja ndani ya kingine, kimoja cha sauti na kingine cha kutafutia stesheni, na chetu kilikuwa kimekatika.

"Dada, hiki hakitengenezwi tena," akasema. "Nunua redio mpya, hata simu inaingia humo."

Nikamletea Baba picha ya redio mpya. Akaitazama, akasema ina taa nyingi kama duka la peremende, akanirudishia.

Basi nikaanza kutafuta. Nilimwandikia mtu wa Lahore, akaniletea kidude kinene kuliko tundu. Mwingine wa Rawalpindi alituma picha nzuri, kifurushi kilipofika kilikuwa cha lori. Miezi minne ikapita hivyo. Mwishowe Nisar akanihurumia, akafunga duka lake Jumamosi moja, tukaenda Shershah.

Unaijua Shershah. Vichochoro vile vile, milango ya magari imepangwa kama vitabu, mafuta chini, na kila mtu anakuita. Tulizunguka tangu asubuhi. Adhuhuri ilipofika miguu ilikuwa imenivimba, na nilikuwa nimeshamwambia Nisar turudi, ndipo nikaiona. Redio ile ile, imetundikwa kwa waya mbele ya duka la Mpathani mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina. Anaitwa Sabz Ali.

"Hiyo siuzi, dada," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mbona umeitundika mbele?"

"Watu huingia kuiulizia, wakatoka na kitu kingine. Inaniletea wateja kuliko mwanangu mkubwa."

"Mwanao anakula, hiyo haili," Nisar akamwambia.

"Ndiyo maana mwanangu namtafutia mnunuzi."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka pale pale katikati ya vyuma, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa. Sabz Ali akanivutia kigoda, akaagiza chai. Akaniuliza gari ni la nani. Nikamweleza.

"Gari lenyewe haliendi, mzee mwenyewe hasikii," akasema. "Sasa redio ya nini?"

"Sijui. Hajaniambia. Lakini tangu mama afe hajaniomba kitu kingine."

Akakoroga chai yake. Kisha akasema, "Nitakuja mwenyewe Jumapili. Nikilikuta gari, natoa kile kidude tu na kukifunga. Nikikuta ni gari la maneno, narudi na redio yangu."

Alikuja kweli, Jumapili iliyopita, na begi la vifaa, na Nisar nyuma yake. Alilizunguka gari mara mbili akiligusa kwa kiganja kama anayekagua farasi. Akamwambia Baba, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mzee, ulikuwa kijana mtundu wewe." Baba akaona haya, akafurahi. Walifanya kazi mpaka saa nane. Nilikuwa nimepika dhansak ya nyama na dengu, Sabz Ali akala sahani mbili na kuuliza kama sina dada asiyeolewa.

Kisha redio ikalia. Ilikuwa habari ya bei ya vitunguu, Sohrab, lakini tulisimama kama watu waliosikia wimbo wa taifa. Baba akakizungusha kitufe, sauti ikapanda, ikapanda, mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Akawapa mikono wale mafundi, akawashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka akaniita nikae kando yake. Akazima.

Aliongea akiangalia usukani. Nakuandikia kama alivyosema.

"Siku niliyompeleka Sohrab uwanja wa ndege tulikuwa wawili tu. Wewe ulibaki na mama yako. Kulikuwa na kriketi redioni. Tulipopita daraja akaanza kuniambia kitu, mimi nikaongeza sauti. Akaendelea, nikaongeza tena. Nilijua nikisikia hata neno moja nitageuza gari, na tiketi yake itapotea, na atanichukia maisha yake yote. Alisema mpaka tukafika. Sikusikia chochote."

Nikamuuliza sikioni kwa nini redio, basi. Akasema, "Nilidhani ikilia kama siku ile, nikakaa hapa nilipokuwa, nitakumbuka midomo yake. Sikumbuki. Nakumbuka kriketi."

Miaka kumi na tisa, mdogo wangu. Mimi nilidhani mliagana kwa hasira, na nadhani nawe ulidhani hivyo. Mnapigiana simu mwaka mpya, mnaulizana kama kuna mvua.

Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba yake. Ulimwambia nini? Usimwambie kwa simu, hatasikia. Andika kwa mkono, kwa Kigujarati chetu cha nyumbani, herufi kubwa, na wino mweusi. Nilimwahidi nitakuuliza, naye akasema, "Muulize, lakini asinitungie maneno ya kunifurahisha. Kama alinitukana, aandike alivyonitukana."

Mimi mwenyewe sitaisoma. Nitampa ikiwa imefungwa.

Nisalimie Zarin, mwambie achari ya maembe iko tayari, nangojea tu mtu anayesafiri. Mbusu Tinaz. Wasalimie akina Kaikobad, waambie jina la mama yao linasomwa hekaluni. Fundi Nisar naye anakusalimu, anasema bado una pasi yake.

Ahura Mazda, Mungu wetu, awafunike kwa nuru yake, awape kazi yenye heri na usingizi mzuri katika baridi hiyo.

Baba ameketi hapa mezani. Ameuliza barua inachukua siku ngapi kufika huko, nikamwambia wiki tatu, akaenda kutia alama kwenye kalenda. Sijamwambia kwamba kuna wiki tatu nyingine za kurudi.

Dada yako akupendaye, akuwazaye kila apandapo ngazi,
Perin