Mama Yumo Ndani ya Tasnifu Yangu na Baba Anakuja Kuisikiliza

Mpendwa Magokoro, bibi yetu wa gazetini,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikaripia, maana wiki nzima sijapata mtu wa kumwambia jambo hili, na nikikaa nalo zaidi nitaharibu nyumba ya mama yangu.

Mimi ni msichana wa Gesima, niko mwaka wa nne, nasomea fedha katika chuo kimoja hapa Kisii, na mwaka jana nilichaguliwa kuingia darasa la honazi, ambalo ni kikundi kidogo cha wanafunzi waliofanya vizuri, wenzetu wanafanya mitihani na kuhitimu lakini sisi lazima kila mmoja afanye utafiti wake mwenyewe, aandike tasnifu, kisha aitetee mbele ya walimu na wageni, na wanaofaulu hapo ndio hupata ufadhili wa kuendelea na masomo. Msimamizi wangu ni Dokta Padma, amezaliwa papa hapa mjini, kwao wana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyeniambia niache kuandika habari za mabenki kama kila mtu, niende nyumbani niangalie wanawake wanawekeza vipi.

Basi nikaenda kwa chama cha mama. Wanaume wa kijiji wanakijua kama chama cha vyombo, kwamba akina mama wanachangiana kununuliana sufuria na sahani, lakini Magokoro, sahani ziliisha zamani, wale wanawake wananunua bondi za serikali kwa simu, wanakopeshana mtaji wa ndizi, na wengine wamenunua ploti za kujenga. Siku moja baba aliuliza mezani mbona wanawake wa vyombo wananunua vyombo miaka yote hii na yeye bado anakunywa uji kwa kikombe kilichovunjika mkono, mama akamjibu kwamba zamu yake haijafika, na sisi watoto tukainamia sahani zetu.

Mama ana ploti Keroka, kwa jina lake mwenyewe, na baba hajui. Si kwamba baba ni mtu mbaya, ila ndugu zake wakijua watasema mke mwenye ploti yake anajiandaa kuondoka, na huku kwetu neno hilo likishasemwa mbele ya watu halifutiki. Mama alinieleza haya yote tukichambua mboga, nikamuuliza kama naweza kuyaandika, akasema, “Andika tu. Hayo ni ya walimu, nani wa huku atasoma?”

Niliwaahidi wanawake wote kwamba hawatajulikana. Nikaondoa majina yao, na badala ya kuwapa nambari nikaweka ukoo alikozaliwa kila mmoja, huyu Mogirango, yule wa Nyaribari, mwingine wa Machoge, kwa sababu nilitaka kuona kama wanaotoka sehemu mbalimbali wanawekeza tofauti, na Dokta Padma akasema ni sawa. Wiki iliyopita nilikuwa nafanya mazoezi ya kutetea kwa kaka yangu Andrew, nimefungua laptopu, akaona jedwali akaanza kucheka, akasema, “Huyu Mobasi si ni mama? Na Mogirango ni mke wa baba mdogo Masese.” Nikaifunga laptopu. Magokoro, wewe unajua vile huku mke aliyeolewa haitwi jina lake, anaitwa kwa ukoo wa kwao, mama yangu alizaliwa Nyamache kwa Wabasi, kwa hiyo Gesima nzima yeye ni Mobasi, hata baba humwita hivyo, na katika chama chote Mobasi ni yeye peke yake. Yale majina niliyoyaondoa hakuna mtu huwaita nayo, na haya niliyoyaweka ndiyo wanaitwa kila siku.

Sasa chuo kimealika wazazi siku ya kutetea. Baba alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai, Kiingereza anasoma bila shida, ameshashonesha suti, baba mdogo Masese amekodi gari, mzee wa kanisa anakuja pia, mama ameambiwa abaki na ng'ombe, na jedwali langu litamulikwa ukutani kubwa kama mlango. Je, nimwambie baba asije? Au nijitoe kwenye honazi nihitimu kama wengine, niseme niliugua? Au ninyamaze tu niipitishe slaidi ile haraka asiione? Tasnifu imeshapelekwa kwa mtahini wa nje na Dokta Padma anasema ndiyo bora kuliko zote alizosimamia, sijui hata nitaanzia wapi kumwambia.

Nyanchera, Kisii

* * *

Nyanchera mjukuu wangu,

Hilo si jina lako, na Gesima si kwenu. Kabla barua yako haijachapwa tumebadilisha majina, vijiji na koo zote, kazi uliyotuachia bila hata kutuomba. Umeliandikia gazeti linalosomwa Nyamira na Kisii kote, ukamtaja mama yako vile anavyoitwa, ukataja na ploti iko wapi. Hiyo ni mara ya pili. Sema asante, kisha keti tuongee.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nikawasikiliza walioalikwa: baba, baba mdogo, mzee wa kanisa. Yule ambaye habari zake ndizo zitapigwa ukutani ameachwa na ng'ombe, na wewe umeliandika hilo kama unaeleza hali ya hewa. Ng'ombe wapo majirani wa kuwaangalia. Mama yako ataingia kwenye gari lile, akae mbele.

Hilo la kujitoa, litoe kichwani. Tasnifu imeshatoka mikononi mwako, mtahini anayo, na siku si nyingi itawekwa kwenye maktaba ya chuo ambako mtoto yeyote wa kwenu anaweza kuifungua. Ukijitoa utakuwa umepoteza honazi, na mama bado yumo mle ndani.

La kumzuia baba pia liache. Mtu aliyekwisha kuwaambia watu kanisani kwamba anaenda kumsikiliza binti yake, akiambiwa asije atauliza kuna nini, na hatauliza kwa sauti ya chini. Na la kupitisha slaidi haraka ni akili ya mtoto. Karani wa majani amezoea kusoma mizani huku watu wanampigia kelele pande zote.

Kosa lako nitakuambia bila kuzunguka. Uliahidi wanawake kwamba hawatajulikana, na ahadi ile hukumpa mama yako peke yake. Barua yako yote inamlilia Mobasi. Mogirango, ambaye mumewe ndiye mwenye kukodi gari, umemtaja kwa mdomo wa kaka yako kisha ukampita. Na yule wa Nyaribari? Na wa Machoge? Hao nao wana waume na mashemeji, na hawana binti wa kuwaandikia gazeti. Walikuketisha jikoni wakakueleza kwa sababu wewe ni mtoto wa mle. Dokta Padma angekuja mwenyewe angepewa chai na kuambiwa habari za sahani.

Huyo Dokta usimtupie lawama. Amekulia nyuma ya kaunta mjini, atajuaje mke wa kijijini kwenu anaitwaje? Aliyejua ni wewe. Umelisikia jina hilo tangu ukiwa mgongoni, umelizoea hata hukuliona ulipokuwa unaliandika. Inaweza kumpata yeyote, sikukatalii. Lakini sasa umeliona.

Kwa hiyo anza na mama yako, kabla ya Dokta, kabla ya mtu mwingine. Usimpigie simu, simu ya nyumbani husikilizwa na wote. Mwambie ulichoandika, neno kwa neno, kwa Ekegusii, uache hayo maneno ya vitabu. Alikuambia uandike akidhani ni walimu watasoma. Hakuambiwa kuna wageni na ukuta. Ruhusa ile ilikuwa ya jambo lingine, basi mwombe msamaha umuulize upya. Kisha mwende pamoja kwa wenzake, kila mmoja aamue lake. Anayesema nitoe, mtoe. Na kama mama yako ataamua kumwambia baba yako mwenyewe, hilo ni la nyumba yao, usimsukume wala usimtangulie.

Ukitoka hapo ndipo uende kwa Dokta Padma. Mwambie hivi: “Niliwaahidi wasijulikane, na nimewafanya wajulikane.” Usianze na machozi, machozi yatamfanya akufariji badala ya kufanya kazi. Mtahini aandikiwe kwamba nakala ile ya kwanza irudi. Koo zitoke zote. Habari za ploti zielezwe kwa chama kizima, pasiwe na mstari wa mtu mmoja. Nimeelezwa kwamba jedwali litapungua nguvu na huenda wakakukata alama. Wakukate. Nimeelezwa pia wanaweza kukuambia ungojee kundi la mwaka ujao. Ngojea, na baba yako suti haitaoza. Wewe bado ni yule waliyemchagua, na mimi sitaki kusikia tena neno la kuhitimu kwa kujificha. Unasomea kushika mali za watu. Watu watakuletea siri zao maisha yako yote, na ni afadhali umejikwaa kwa mama yako ambaye bado anakupikia.

Sabato ikiisha Jumamosi jioni, panda gari uende nyumbani. Jumapili asubuhi mama atakuwa kwenye majani chai. Jifunge kikapu mgongoni, ingia mstari ulio kando ya wake, na umwambie kikapu kikiwa bado chepesi. Akikasirika akanyamaza, wewe endelea kuchuma. Usitoke shambani mpaka akujibu.