Mtutu mpya, shabaha ya jirani

Dale, usicheke. Nimetoka klabu ya kulenga shabaha sasa hivi, kwenye mchujo wa timu.

Ile bunduki yangu ya bei rahisi niliyoibadilisha mtutu na triga msimu wote wa baridi? Karatasi yangu ya shabaha imerudi haina tundu. Hata moja, Dale!

Shemeji Verlin akapaza sauti: "Bora ungerusha mawe, bwana!"

Halafu bibi Loretta wa pembeni yangu akainua karatasi yake. Matundu yote katikati, unayafunika kwa kizibo cha soda. "Mwanangu, mimi hata mkoba wa bunduki sijafungua."

Nilikuwa napiga shabaha yake!

Nimepewa sifuri, timu nimeikosa. Ila Verlin kanifuata garini, ananong'ona: "Shem, na yangu utanitengenezea?"