Viatu Namba Arobaini na Nne

Sodam, 6 Septemba

Kwa dada yangu Bo-ram,

Hongera sana kwa mtoto! Hujambo mwenyewe? Mgongo je, na usingizi? Mumeo kaniambia ni msichana, ana nywele nyingi, na nyote mko salama kwa mama yako huko Gwangju. Kaniambia pia kwamba mama yako ameichukua simu yako na kuizika ndani ya pipa la mchele mpaka siku mia moja ziishe, eti mwanga wake unaharibu macho ya mzazi na kubonyeza-bonyeza kunalegeza mifupa ya mikono. Lakini barua anaruhusu. Basi ndiyo hii.

Mimi ni mzima. Kifundo cha mguu kimepona kabisa, na shida yangu imeanzia hapo hapo.

Jumatano, watoto walipokwisha kuondoka na walimu wote kuvaa raba kwenda ukumbini kucheza mpira wa wavu, nilichukua vibao vyangu vya kuhesabia alama nikaenda kukaa kwenye benchi langu, kama nilivyofanya tangu Machi nilipoteleza na ndara za shule pale ngazini. Mwalimu Mkuu Tak akaja na boksi.

"Mwalimu Imelda," akasema, "miezi sita imekwisha. Nimehesabu."

Ndani mlikuwa na viatu vya mpira wa wavu, namba arobaini na nne. Wilaya nzima hakuna kiatu cha mwanamke cha namba hiyo. Aliagiza Seoul.

"Miaka saba shule ya Cheonggol wanatupiga," akawaambia walimu. "Miaka saba mkuu wao Gu ananicheka kwenye mikutano. Mwaka huu tunaye mchezaji wa chuo kikuu!"

Wakapiga makofi, nami nikapiga pia, nikigeuka nyuma kumtafuta huyo mchezaji.

Dada, ni mimi? Nani kamwambia? Mimi tangu utotoni Ireland mpira ukija upande wangu nafumba macho. Na Makamu kaninong'oneza kwamba Mkuu ataamua mikataba wiki ileile ya baada ya mechi na Cheonggol, mwanzoni mwa Novemba. Wangu unaisha Februari. Sitaki kuondoka Sodam. Nimekaa Korea mwaka wa nne sasa, mitatu nikiwa kwenye vituo vya masomo ya ziada Incheon, na hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo watoto wananitania kwa Kiingereza. Mtoto akishaweza kukutania, ujue amejifunza.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Imelda


Gwangju, 19 Septemba

Mdogo wangu Imelda,

Salamu kutoka nchi ya supu ya mwani. Nakunywa asubuhi, mchana, jioni, na bakuli moja la katikati ambalo mama haliiti chakula. Mtoto anaitwa Ye-na. Ananyonya, analia, na anakunja uso kama mkaguzi wa elimu. Mimi sijambo. Je, wewe unakula? Mpishi wa shule bado anakuwekea samaki wawili kwenye sinia?

Kuhusu swali lako, kaa kwanza.

Ni mimi niliyemwambia.

Januari tulipata maombi matatu. Wale wengine wawili walijaza kurasa kujisifu. Wewe uliandika kwamba siku moja kwenye harusi uliachiwa watoto sita kwa saa tatu, na wazazi walipokuja kuwachukua, watoto walikataa kwenda nyumbani. Nikasema, huyu. Lakini unamjua Mkuu Tak. Barua hakusoma hata moja. Alizipanga picha mezani akauliza, "Nani anacheza mpira wa wavu?" Kwenye picha yako ulisimama mlangoni na kichwa kimegusa fremu. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Huyu. Alichezea chuo chake."

Nilidhani atasahau. Kumbe mtu yule husahau majina ya walimu wake, ila la mpira hasahau. Ulipoanguka ngazini, wenzako walikuhurumia, mimi nilishukuru. Daktari alisema wiki tatu. Mimi ndiye niliyempelekea Mkuu taarifa, na nilipofika kwake zilikuwa miezi sita.

Nisamehe. Nilikuhitaji. Miaka miwili nilifundisha Kiingereza peke yangu na darasa la tano wakinitazama kama televisheni iliyozimwa. Ulipokuja wewe, niliacha kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Dada yako mwongo,
Bo-ram


Sodam, 3 Oktoba

Kwa dada yangu mwongo,

Ye-na hajambo? Nawe? Mimi nimekasirika siku nne, siku ya tano nikacheka peke yangu kwenye basi mpaka bibi mmoja akahama kiti. Basi, yamekwisha. Lakini sasa nisikilize, maana nami nimedanganya, na uongo wangu umezidi wako.

Jumatano ya kwanza ya mazoezi, Mkuu Tak alitaka nipige. Nilisimama na viatu vyangu vipya, na neno likanitoka: "Mkuu, kwetu mchezaji mkubwa hafanyi mazoezi mbele za watu. Anaficha mbinu."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake macho yakamjaa machozi. "Anaficha mbinu!" akawaambia wote. "Mmesikia? Huu ndio utaalamu!" Kesho yake nimefika shuleni nikakuta madirisha yote ya ukumbi yamebandikwa magazeti, ili wapelelezi wa Cheonggol wasichungulie. Mkuu mwenyewe alikuwa juu ya ngazi na gundi mkononi.

Aliyeshtukia ni Mwalimu Noh wa darasa la sita, yule mpigaji wetu. Alinifuata kwenye foleni ya chakula, akaninong'oneza: "Mwalimu Imelda, hujui kucheza, eti?"

"Hata kidogo."

Akasogeza sinia lake mbele. "Mimi nilisema naweza kupiga gitaa," akasema. "Mwaka wa tatu huu, kila sherehe naumwa kidole."

Lakini gitaa halina mechi na Cheonggol. Zimebaki wiki tano, dada. Nimejaribu na Noh, watoto wakishaondoka. Ananirushia taratibu, kama mtu anayemrushia bata mkate, na bado nafumba macho. Nimwambie Mkuu ukweli? Nikimwambia, Februari nafungasha. Nisipomwambia, nafungasha pia, tena wilaya nzima ikiwa imenishuhudia. Nifanyeje?

Mdogo wako anayeficha mbinu,
Imelda


Gwangju, 14 Oktoba

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, Ye-na ameanza kutabasamu. Mama anasema ni gesi. Naandika haraka kwa sababu mtoto amelala na sijui atanipa dakika ngapi.

Usimwambie. Nimefikiri sana na sina akili nyingine, supu imejaa hadi kichwani. Lakini mama amesoma barua yako kabla yangu, kama kawaida yake, na ameninyang'anya kalamu. Mkono wake ni huu:

*Mwanangu Imelda, hujambo? Unavaa soksi nzito? Mimi mama yake Bo-ram. Nimelima mpunga miaka thelathini. Pale shambani tulikuwa na sanamu ya kutishia ndege, ina kofia ya marehemu mume wangu. Hatukuifundisha kupigana na ndege. Tuliisimamisha tu, mikono juu, nao ndege wakafanya yaliyobaki. Wewe ni mrefu. Simama. Kula vizuri.*

Mimi sina la kuongeza.

Dada yako,
Bo-ram


Sodam, 9 Novemba

Kwa dada yangu, na kwa mama, maana najua anatangulia kusoma,

Hamjambo nyote? Mama, soksi navaa. Nakaa chini kuandika na mikono bado inauma, si kwa kupiga, ni kwa kuinyoosha juu saa nzima na nusu.

Tumeshinda!

Unajua wilaya yetu wanavyocheza: tisa kwa tisa, kila mtu na mahali pake, hakuna kuzunguka, na wanaoanzisha mpira ni wa mstari wa nyuma tu. Noh alinipanga katikati ya wavu. Nikamwambia, "Na macho je?" Akasema, "Yafumbe, nani atakuona? Wote ni wafupi."

Mikono juu, macho nimeyafumba, nikasimama. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Nilisikia kocha wao akipiga kelele, "Mkwepeni! Mkwepeni yule!" Wakapiga kushoto, mpira ukatoka nje. Wakapiga kulia, ukatoka nje. Wakapiga juu sana, ukaingia kwenye taa. Kumbe yale magazeti ya madirishani ndiyo yaliyowamaliza, maana mwezi mzima Cheonggol walikuwa wakiambiana habari za silaha inayofichwa Sodam. Noh akawa anaokota pointi zake taratibu. Mpaka mwisho sikuugusa mpira hata mara moja. Nilijua tumeshinda pale waliponikumbatia kiunoni, mabega hawayafikii.

Mkuu Tak alilia waziwazi. Alinishika mikono akasema, "Mbinu ile... sijawahi kuiona popote." Dada, aibu ilinishika, nusura nimwambie. Nikamwangalia namna alivyokuwa akijifuta pua kwa karatasi ya matokeo, nikanyamaza.

Sasa sikia. Jumatatu Mkuu Gu wa Cheonggol alikuja shuleni kwetu mwenyewe, na boksi la mapeari, makubwa kila moja kama kichwa cha Ye-na. Akapita ofisini moja kwa moja hadi kwenye meza yangu. "Mwalimu Imelda, kwetu ukumbi una joto la sakafuni," akasema. "Fikiria mwaka ujao." Mkuu Tak alitokea mlangoni na ndara mguu mmoja. "Mapeari hayo yarudi yalikotoka!" akasema. Mkataba wangu ulisainiwa kabla chai ya mgeni haijapoa. Nafasi ya sababu amejaza: *Ufundishaji bora*. Mapeari tulibaki nayo.

Nabaki, dada! Mwaka mzima mwingine. Nimeshapanga: Machi ukirudi, tutalichukua darasa la tano pamoja, na meza yako nimeifuta vumbi. Nisingeweka saini kwa furaha hii kama si wewe, nakwambia ukweli, ukweli wa kwanza ninaousema tangu Septemba.

Mdogo wako,
Imelda


Sodam, 11 Januari

Dada Bo-ram,

Hujambo? Siku mia zimepita, keki za mchele za Ye-na nimepokea kutoka kwa mumeo, tamu, lakini ndani hamkuwa na barua. Simu imetoka kwenye mchele na naona unasoma ujumbe wangu wala hujibu. Umeugua? Mama anaumwa? Au nimekosea neno?

Theluji imefunga barabara ya mlimani. Meza yako nimeifuta tena.

Mdogo wako,
Imelda


Gwangju, 14 Februari

Mdogo wangu Imelda,

U mzima? Sisi wazima, na mama anakusalimu. Hukukosea neno. Hili sikuweza kulisema kwa simu, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Miaka yangu minne Sodam imekwisha. Unajua sheria, mwalimu wa serikali akifikisha miaka minne shule moja huhamishwa, apende asipende. Nilijua tangu vuli kwamba mwaka huu nahamishwa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa hujaweka saini, na ukishaweka ukaandika habari za meza yangu, nikashindwa. Jana matokeo yametoka. Kuanzia Machi niko Cheonggol.

Cheka kwanza, mimi nimeshalia kwa niaba yetu sote. Ni dakika ishirini tu kwa basi. Jumamosi utakuja ule. Ye-na atakujua, hata kama viatu vyako vitamtisha pale mlangoni. Darasa la tano utaliweza. Nilikuchagua mimi, na safari ile sikukosea ila kwenye mpira.

Nimekwenda kuripoti kwa Mkuu Gu. Hakuniuliza nimefundisha miaka mingapi. Alinisogezea kiti, akafunga mlango, akasema, "Umekaa naye yule mrefu. Niambie, udhaifu wake ni upi?"

Nikamwambia, "Hana. Tangu nimjue hajakosa mpira hata mmoja."

Na hilo, mdogo wangu, unajua ni kweli tupu. Akaandika kwenye daftari na kutikisa kichwa.

Novemba nitakuwa upande wa pili wa wavu. Mimi mfupi, wataniweka mstari wa nyuma kabisa. Safari hii fumbua macho, nitakupungia mkono.

Dada yako,
Bo-ram