Rangi Nilizokuwa Nakusomea

Baba yangu mpendwa,

Leo saa nne asubuhi nitatoa siri yako mbele ya watu saba, na mmoja wao ni papa Kabwe, uliyefanya naye kazi karakana moja kule usine, kiwandani. Nimeona usiisikie kutoka kwa wengine. Ulinikataza nikiwa na miaka tisa, nami nimenyamaza mpaka leo, miaka minne tangu tukuzike. Sikuandikii kuomba ruhusa. Unanijua, nikishaamua nimeamua. Nakuandikia ili ujue kwa nini.

Unaikumbuka meza ya nyumbani kwetu Kikula, ile iliyokuwa na mguu mmoja mfupi? Ulikuwa ukirudi kazini na vipande vya waya mfukoni, unavipanga juu ya meza kabla hujavua hata viatu, halafu unaniita. "Odile, sema, hii iko rangi gani?" Nami nakujibu kwa Kifaransa cha shule, kichwa juu: rouge, vert, marron. Wewe unafunga uzi kwenye kila kipande, fundo moja kwa nyekundu, mafundo mawili kwa kijani, matatu kwa kahawia, na kesho yake unaondoka navyo. Nilidhani unanifundisha. Niliwaringia wenzangu darasani kwamba mimi baba yangu ananipa mtihani kila jioni.

Siku moja nilichoka, nikataka kukuchokoza. Uliinua waya wa kijani, nikasema nyekundu, nikabana kicheko nikingoja unikosoe. Hukunikosoa. Ulifunga fundo moja, ukaweka waya pembeni, ukachukua mwingine. Nilikutazama usoni, nikaelewa. Nilipokwambia ukweli uliuchukua tena waya ule. Kisha ukafungua ule uzi polepole, ukasema, "Usiambie muntu. Hata mama yako. Bakijua, kazi inaisha."

Sijui kama mama hakujua au alijifanya hajui. Ulikuwa ukitumwa sokoni unarudi na nyanya mbichi kabisa, naye anaziinua moja moja mbele ya majirani. "Papa Odile, weye unatuletea nyanya ya juma ingine!" Ulicheka kuliko wote. Tulikula ugali wetu wa bukari na samaki wa ziwa Tshangalele na zile nyanya zako ngumu, na mezani pale nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kwamba kicheko chako hakikuwa kicheko.

Sasa nikupe habari za kazi yangu, maana uliondoka kabla sijaianza. Nafundisha wanafunzi wa chuo kuandika programu za kompyuta. Kitabu cha somo nimekiandika mwenyewe, na nimekipanga kwa LaTeX, ambayo unaiandikia maagizo nayo inakutengenezea kurasa safi za kuchapa. Mistari ya programu ikiingia kitabuni inapakwa rangi ili jicho lisipotee: maneno makuu ya lugha bluu, maelezo ya pembeni kijani, maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu mekundu. Mimi nilizipenda sana rangi hizo. Nilizichagua moja moja, nikakipeleka kitabu kwa wakuu wangu kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa.

Halafu ukaja mtihani. Nilichapa programu ndefu, mistari mizima kwa kijani na mistari mibovu kwa nyekundu, nikaandika: sahihisheni mistari myekundu tu, mkigusa mwingine hamna alama. Yuko mwanafunzi wangu mmoja, Mutombo, mtu mzima mwenye watoto, fundi umeme kama wewe, anayekuja darasani akitoka kazini. Alisahihisha mistari yote. Nilimpa sifuri, na sikuishia hapo. Siku ya kurudisha karatasi nilisoma majibu yake mbele ya darasa kwa sauti ya dhihaka, nikamuuliza kama alikuja kufanya mtihani au kucheza. Watu wakacheka. Yeye akasema tu, "Pardon, madame." Alichukua karatasi yake, akaenda dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza hivi na hivi.

Baba, nilikaa chini. Wewe ndivyo ulivyokuwa ukifanya na zile nyaya kabla ya kuniita, ukijaribu kwanza peke yako. Mimi, niliyelelewa na macho yako, ndiye niliyetunga swali lile. Nimeona aibu nyingi maishani lakini hiyo ilikuwa na uzito wake.

Nilimfuata nje nikamuuliza taratibu kama rangi zile anazitofautisha. Akakana palepale. "Non, madame, minye niko naona bien. Ni kuchoka tu." Na alivyokuwa akiangalia mlangoni kama kuna anayetusikia, nikajua nisimsukume zaidi. Ana kazi ya kulinda, kama uliyokuwa nayo.

Nikarudi kwenye kitabu changu, nikakivunja chote. Niliiondoa kila rangi. Maneno makuu sasa yameandikwa kwa wino mzito, maelezo kwa herufi za kulala, maandishi ya kunukuu yana mstari chini, na kosa lina namba yake pembeni ndani ya kisanduku. Usifikiri ilikuwa rahisi. Ile LaTeX haikujua algoritimu, yaani hatua za programu, tunazoandika kwa Kifaransa, ikabidi niitungie orodha ya maneno yake: si, sinon, tant que, fin. Neno début, yaani mwanzo, lilinitesa siku mbili, maana ile é yenye alama juu ilikuwa ikiruka na kujipachika mwanzoni mwa neno, mpaka nilipoielekeza herufi moja moja namna ya kuziandika. Nilikuwa natukana kwa sauti, na ungenikanya. Lakini sasa hata ukikipiga fotokopi kwenye ile mashine mbovu ya karibu na soko, kila kitu kinasomeka.

Chef wangu wa seksheni, mkuu wa idara yetu, amekirudisha. Anasema kitabu kisicho na rangi kinaonekana cha zamani. Na nilipomwomba swali lile lifutwe, kwa sababu sifuri hiyo inamfanya mtu arudie mwaka mzima, alinicheka, akanielekeza kwa jury, jopo la watu saba linaloamua matokeo. "Assistante, benzake bote balijibu bien. Ni nani analalamika? Tuletee jina yake kwa jury."

Jina la Mutombo sitalitoa. Kwa hiyo nitatoa lako. Wewe hakuna tena anayeweza kukufukuza kazi. Najua papa Kabwe, anayefundisha chuoni kwetu tangu aache usine, ndiye katibu wa jury, najua alibeba jeneza lako na kusema pale makaburini kwamba hajawahi kuona fundi mwangalifu kuliko wewe. Naogopa atakavyoniangalia. Nitasema hivyohivyo.

Saa tisa mchana

Nimerudi, baba. Nilisimama, nikasema: "Swali lile nililikosea mimi, wala si mwanafunzi. Baba yangu alikuwa fundi umeme miaka yote, na hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Nimekua nikimsomea rangi. Nilipaswa kujua kwamba si kila mtu ataweza kulijibu." Chef aliinamia makaratasi yake. Nilimwangalia papa Kabwe kwa sababu sikutaka aone kwamba ninamkwepa.

Alivua miwani. "Lakini Odile," akasema, "shiye bote tulikuwa tunajua. Waya mupya ikifika, mumoja wetu anasema rangi yake kwa sauti, ni kama anajisemea yeye mwenyewe. Hatukutaka papa yako asikie aibu."

Swali limefutwa. Karatasi zote zitasahihishwa upya bila hilo, na kwa hesabu ninayoijua Mutombo anapita. Kuhusu kitabu, chef amesema kitumike mwaka mmoja kwanza, halafu tutaona. Nimemwambia ataona.

Nililia ukumbini mpaka mfagiaji akaniletea kiti. Kisha nikakasirika, na bado nimekasirika ninapokuandikia. Miaka yote ile uliwaficha watu ambao nao walikuwa wanakuficha. Mlikula pamoja, mkazikana, na hakuna aliyefungua mdomo, wala mimi. Ningekwambia hata mara moja kwamba si aibu, ningekuwa nimepungukiwa nini? Nilidhani kunyamaza ndiko kukupenda. Kulikuwa kukupenda, lakini hakukutosha.

Mutombo sitamlazimisha aseme asichotaka kusema. Siku akitaka, mlango wangu anaujua, na nitamhadithia habari zako zote, pamoja na nyanya. Akiwa hataki, basi. Jumatatu nina darasa lake. Nitaandika ubaoni kwa chaki, na kila nikichukua chaki ya rangi nitaitaja rangi yake kwa sauti, ni kama ninajisemea mimi mwenyewe, kisha nitaendelea na somo.

Pumzika, baba. Huna tena cha kuficha.

Binti yako,
Odile